Gari lililovuliwa viti linauzwaje ghali kuliko lenye viti? Njooni tupige hesabu za magari ya barabarani na ya uwanjani

Spana 19 (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikendi.

Kuna tajiri mmoja wa Mwanza, jina lake nalihifadhi, kanipigia simu juzi saa tano usiku. Hata salamu hakumaliza: "Kijana, nichukue Porsche Turbo S au nichukue GT3?" Nikamuuliza, mzee, utakuwa unaenda nalo wapi? Akawaka. Akasema kapiga simu kuuliza gari, si kuulizwa safari zake.

Swali lenyewe halijaniacha, nikaona nililete hapa.

Kwa wasionijua: niko Ujerumani, milima ya Eifel, na gereji yetu ni mwendo wa robo saa kutoka Nürburgring, uwanja wa mbio za magari. Kazi yangu tairi na breki. Magari haya nayapandisha kwenye lifti kila siku ya Mungu, ila la kwangu ni Golf ya 2009 yenye kiti cha mtoto nyuma. Kwa hiyo msije mkasema najisifu.

Nitatumia bei za Marekani kwa sababu ni rahisi kuzilinganisha. Ni bei za kuanzia, kabla hujaongeza kikorokoro chochote wala nauli ya kulisafirisha.

Porsche 911 Carrera ya kawaida, modeli ya 2022, ilianzia dola 101,200. GT3 ya mwaka huohuo, ile 911 iliyotengenezewa uwanja wa mbio, 161,100. Turbo S, 911 ya barabarani, ilipotoka ilikuwa 203,500. Ukisoma karatasi tu, Turbo S inamla GT3 mchana kweupe: farasi (nguvu za injini) 640 kwa 502, sekunde 2.7 kufika kilomita 100 kwa saa wakati GT3 yenye giaboksi ya PDK, inayojibadilisha yenyewe, inatumia 3.4. Inavuta tairi zote nne. Ina viti vya nyuma, vidogo lakini vipo. GT3 nyuma hakuna kitu, ni zulia.

Halafu ipo GT3 RS. Hiyo ilitoka 2022, bei 223,800. Farasi 518, yaani 16 tu zaidi ya GT3, na umeongeza dola 62,700. Mwendo wake wa juu kabisa ni kilomita 296 kwa saa, GT3 ya kawaida inafika 318. Mbele, pale 911 nyingine wanapoweka begi, RS haina nafasi: pamejaa rejeta moja kubwa. Umelipa zaidi, unakimbia kidogo, na begi unalipakata mapajani.

Sasa mtu mzima mwenye akili timamu analipiaje hicho? Mimi nina jibu langu, ila nataka kuwasikia kwanza. Karibuni.

---

Mzee wa Benchi

Naweka kambi hapa. Ila mkuu uzi wa magari bila picha ni sawa na pilau bila nyama.

---

Kibajaji Mstaafu

Mleta uzi umeandika mengi kwa jambo dogo. Gari la spidi linanunuliwa kwa farasi, basi. Nimekaa na kikokotoo hapa, gawanya bei kwa farasi:

Carrera, farasi 379, kila farasi dola 267.
Turbo S, dola 318.
GT3, dola 321.
GT3 RS, dola 432.

Halafu nenda kwa Mmarekani. Corvette C8 ilipotoka 2020 ilianzia dola 59,995 ikiwa na farasi 490. Kila farasi dola 122. Toyota GR86 ya 2022, dola 27,700 kwa farasi 228, inakuja hapohapo 121. Hao wa 432 wanalipia nembo na ujinga. Mwambie tajiri wako achukue Corvette, na chenji anunue fuso mbili za kubebea dagaa.

---

Wa Rironi

Wasee wa Bongo mnaongea bei ya Marekani kama vile gari itateremka kwa parachuti.

Mimi ni Mkenya na hizi hesabu nimezipiga mpaka nikalala njaa. Huku ushuru wa forodha kwa gari ni asilimia 35 tangu 2023. Injini ya petroli ikizidi sisi 3,000, ushuru wa bidhaa ni asilimia 35 nyingine, na inahesabiwa juu ya ile jumla ya kwanza. Halafu VAT 16 juu ya yote. Gari ikifika Mombasa ikiwa na thamani ya 100, ukimaliza na KRA, watoza kodi wetu, umefika 211 na bado hujagusa ile ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli. Na gari kuukuu KRA hawaangalii risiti yako, wanaangalia orodha yao ya bei za magari, CRSP, na kupunguza uchakavu wao wenyewe. KEBS nao, wale wa viwango, ikizidi miaka minane hawaitaki.

Kwa hivyo hapa GT3 moja ni GT3 mbili. Nyingine unampa serikali, na hiyo hata kuiona huioni.

---

Spana 19

Wa Rironi, asante, hilo nilikuwa nalifikia. Tanzania ni nafuu kidogo: asilimia 25 forodha, 10 ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi sisi 2,000, halafu VAT 18. Ya 100 inatoka bandarini ikiwa 162 na ada ndogondogo. Ikiwa na umri wa miaka minane na kuendelea kuna nyongeza ya uchakavu. Ila ona jambo moja: kodi haijali kama pesa yako imeingia kwenye breki au kwenye ngozi ya viti. Ile dola 62,700 ya RS, ukiipitisha Dar, inakuwa zaidi ya laki moja. Ndiyo maana lile swali la "unaenda nalo wapi" kwetu ni zito kuliko kwa Mjerumani.

Kibajaji, kununua gari kwa kuhesabu farasi ni kama kununua shamba kwa kuhesabu miembe. Uliza na maji yako umbali gani.

Ngoja nikueleze ninachokiona kazini. Gari la kilo 1,500 na dereva wake linakuja kasi 250, linashika breki hadi 100 kabla ya kona. Mwendo ule haupotei, unageuka joto. Nilimwomba mwanangu wa sekondari apige hesabu: ni joto la kutosha kuchemsha karibu lita tisa za maji ya bomba. Kwa sekunde nne au tano. Baada ya dakika moja unarudia, halafu tena na tena. Mzunguko wa Nordschleife, ile njia ndefu ya Nürburgring, ni kilomita 20.8.

Gari zuri la barabarani litafanya hivyo mara moja bila shida, mara mbili, mara tano. Kisha mafuta ya breki yanachemka ndani ya mabomba, yanatoa mapovu, na pedali inazama kama unakanyaga godoro. Mwenye gari anakuja kwetu amepauka. Gari si bovu. Limeombwa kazi ambayo bei yake haikuilipia.

Pesa ya gari la uwanjani inakwenda huko. Rejeta kubwa, mifereji ya hewa kwenye breki, mafuta ya injini yasiyokimbilia upande mmoja kwenye kona ndefu. GT3 ya 2021 mbele ina mikono miwili ya kushikilia gurudumu, kitu walichokichukua kwenye 911 RSR ya mashindano, na injini yake ya lita 4.0 isiyo na turbo, inayofika mizunguko 9,000, karibu ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye gari la mashindano la GT3 Cup. RS ndiyo imekwenda mbali zaidi: ikiwa kasi 285 upepo unaikandamiza chini kwa kilo 860. Kwa hiyo ile kasi ya juu iliyopotea haikuibwa, imebadilishwa na kushika kona. Saa rasmi za Porsche kwa mzunguko mzima wa Nordschleife: GT3 dakika 6 na sekunde 59.9, RS 6 na 49.3. Kibajaji, sekunde kumi hizo hazikutoka kwenye zile farasi 16.

Lakini uzi huu nikiufunga hapo nitakuwa nimewadanganya, maana ipo bei nyingine ambayo haihusiani na joto hata kidogo. BMW mwaka 2022 walitoa M4 CSL, magari 1,000 dunia nzima. Viti vya nyuma wakang'oa, uzito wakapunguza kilo 100, farasi wakapandisha kutoka 503 za M4 Competition hadi 543. Bei dola 139,900, wakati Competition ilikuwa elfu sabini na ushee. Hapo kuna kazi ya kweli ya wahandisi, na kuna namba 1,000. Ukiniuliza kipi kimebeba bei, nitakwambia namba.

Na huyo Porsche, GT3 wanayo ya aina inaitwa Touring, haina lile bawa kubwa la nyuma. Bawa ukilikataa hupunguziwi hata senti.

---

Mzee wa Benchi

Kumbe. Yaani bawa ni kama kachumbari, ukisema usiwekewe bei ni ileile.

---

Mtoto wa Makunduchi

Salaam aleikum jamaani. Mie niko Dubai mwaka wa kumi na moja, mzaliwa wa Unguja. Nimeufuata uzi huu kimyakimya, sasa nami nichangie.

Kibajaji ameitaja Corvette nami nimefurahi, kwa sababu ndiyo inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko hiyo Porsche. Ile ya kuanzia, Stingray, mwaka 2020 ukiongeza dola 5,000 wanakupa kifurushi cha Z51: breki kubwa zaidi, upoozaji wa ziada, difu ya kielektroniki, springi nyingine, tairi za majira ya joto. Dola elfu tano tu! Kwa maoni yangu mie hakuna elfu tano iliyotumika vizuri zaidi katika magari ya zama zetu. Kisha ikaja Z06, modeli ya 2023, ikianzia kama dola 106,000, V8 ya lita 5.5 isiyo na turbo, farasi 670, inalia kama Mtaliano. Juu yake unaweza kuongeza Z07 kwa dola 8,995, breki za seramiki na tairi ambazo karibu ni za mashindano. Mabawa ya kaboni nayo yana bei yake pembeni.

Rafiki yangu anayo Z06 hiyo yenye Z07. Ijumaa moja alinichukua tukazunguka Dubai Autodrome na, wallahi, nilitoka mle miguu inatetemeka. Siku ya Jumatatu akanipitia tuende kazini kwa gari lilelile. Shekhe, foleni ya Sheikh Zayed Road, jua la mwezi wa saba, tairi zinarusha kokoto chini ya sakafu taka taka taka, na kila tuta la kuingilia maegesho analipanda kwa mshazari kama kaa. Nikamwambia siku nyingine nitapanda metro.

Sasa yeye kwa mwaka huenda uwanjani mara sita. Siku mia tatu na hamsini na kitu zilizobaki anayalipia yale aliyoyapenda siku sita. Halalamiki. Lakini angekuwa na Stingray ya Z51, siku hizo sita angecheka karibu vilevile, na nyingine zote angekaa raha mustarehe.

Kwa hao wa nyumbani: C8 ndiyo Corvette ya kwanza kutengenezwa kiwandani kwa usukani wa kulia. Zipo Uingereza, Japani na Australia. Zamani ilikuwa ukiitaka uikate.

---

Binti Gia

Kaka zangu, shikamooni mnaostahili. Mimi ni mhasibu, niko Johannesburg, na Kyalami, uwanja wa mbio wa huku, naenda kuangalia tu, sijawahi kuingia na gari. Nimewasoma wote na naona mnafanya kosa moja. Mnaongelea bei ya kununulia. Gari halikugharimu uliponunua, linakugharimu tofauti ya ulichonunulia na utakachouzia, ongeza ulichokula katikati.

Nipige mfano wa kubuni, msininukuu. Mtu A kanunua gari la anasa la kasi kwa 200, baada ya miaka mitatu kaliuza 130. Mtu B kanunua la uwanjani kwa 165, kaliuza 160. B amekula tano, A amekula sabini. Nani alinunua ghali? Na kwa GT3 hili si la kubuni sana, kwa miaka mingi zimeshikilia thamani vizuri kuliko ndugu zake wa turbo, kwa sababu zinatolewa chache na wanaozitaka ni wengi.

Tazameni pia bei mpya zinavyokwenda. Spana amesema 2022 Carrera 101,200 na GT3 161,100. Modeli ya 2025 Carrera ilianzia 120,100 na GT3 222,500. Carrera imepanda asilimia 19, GT3 imepanda 38. Farasi za GT3 ni zilezile 502! Kiwanda kilimwona mlanguzi anavyokula, kikasogeza kiti mezani.

Ila msiifanye kuwa benki. Mwaka 2016 Porsche walitoa 911 R, magari 991, gia za mkono, injini ya GT3 RS, hakuna bawa. Dola 184,900. Kabla hata wino haujakauka watu wakawa wanaomba zaidi ya nusu milioni, na wapo waliowapa. Mwaka uliofuata kiwanda kikarudisha gia za mkono kwenye GT3 na kutoa GT3 Touring, gari la ladha ileile bila kikomo kile cha 991. Bei za R zikaporomoka. Aliyenunua kileleni alinunua uadimu, na ufunguo wa uadimu uko mfukoni kwa kiwanda.

---

Kibajaji Mstaafu

Binti Gia umenitoa jasho. Kwa hiyo maskini ananunua Carrera, inashuka. Tajiri ananunua GT3, haishuki. Mwenye nacho anaongezewa hata kwenye magari.

---

Spana 19

Dada Binti Gia, marahaba, na hesabu yako naikubali. Ila naomba nitie mchanga kwenye huo wali.

Mtu B wako ameuza kwa 160 kwa sababu gari lake lilikaa ndani limefunikwa shuka. Soko linalipa GT3 yenye kilomita chache na rangi isiyo na alama za kokoto. Ukiitumia kwa kazi iliyotengenezewa, yaani uikimbize uwanjani kila mwezi, unaanza kula ile thamani kwa kijiko. Gari limetengenezwa kupigwa, na linauzwa vizuri kama halikupigwa. Wenye GT3 wanaokuja kwetu nawagawa hivyo: wapo wa tairi zilizoisha kingo, na wapo wa tairi zilizokauka kwa uzee zikiwa na meno yote. Wa pili ni wengi kuliko mnavyodhani.

Kwa wale wa kwanza, haya ndiyo wanayokula. Tairi za aina ya Cup 2 R, ambazo karibu ni za mashindano, ni tamu zikipata moto, ila siku chache za uwanjani zimekwisha, na mvua ikikukuta nazo kwenye barabara kuu uombe Mungu. Diski za seramiki barabarani zinaishi miaka na miaka na hazichafui rimu kwa vumbi. Uwanjani joto linazila polepole, na bei ya kuzibadilisha inaumiza, kwa hiyo wakimbiaji wengi wa kweli ninaowajua wananunua GT3 yenye diski za chuma makusudi. Mara nyingi ile nyongeza ya gharama ya "uwanjani" inamfaa zaidi asiyekwenda uwanjani. Nilicheka nilipoligundua hilo, bosi wangu hakucheka, yeye anaziuza.

Halafu bima. Nordschleife siku za watu wote kisheria ni barabara ya kulipia, tiketi ya mzunguko mmoja ni yuro 30 na kitu. Lakini soma maandishi madogo ya bima yako kabla hujapita geti. Ukigonga zile kingo za chuma, unalipia gari lako, unalipia kingo, unalipia gari la kukokota. Nimemwona kijana amekaa kwenye ngazi zetu, BMW M2 yake imekunjwa mbele, anapiga hesabu nyuma ya tiketi ileile ya yuro thelathini.

Na msidhani ghali ndiyo haivunjiki. GT3 ya kizazi cha 2013 ilipoanza kutoka, mbili zilishika moto, na mwaka 2014 Porsche wakabadilisha injini za magari yote 785 yaliyokwishafika kwa wateja. Bolti za konrodi zilikuwa zinalegea. Walilibeba wenyewe na sifa ikarudi, lakini hebu fikiria bolti ile ingelegea Singida.

Sasa turudi kwenye kichwa cha uzi. Swali la kwa nini lililovuliwa viti ni ghali nilidhani ni sheria ya dunia, mpaka nilipotazama Japani. GR Yaris ilipotoka 2020 bei zilikuwa hivi: RZ yen 3,960,000. RZ High Performance, yenye difu za Torsen mbele na nyuma, rimu za BBS na kinyunyizio cha kupoozea intakula, yen 4,560,000. Na ipo moja inaitwa RC, ya watu wa mashindano. Redio haina, kiyoyozi hakimo, rimu ndogo. Injini ileile ya silinda tatu, sisi 1,618, farasi 272. Bei yake yen 3,300,000.

Yaani Toyota alipotoa vitu, alipunguza bei. Anajua mnunuzi wa RC atang'oa na hivyo vilivyobaki, aweke kiti chake na mabomba yake ya kujikinga. Kwa hiyo tofauti si viti. RC anauziwa mtu mwenye kazi. CSL na RS anauziwa mtu mwenye hamu. Na mnaobeza Yaris, kumbukeni Naivasha: tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia 2021 hadi 2025, kila mwaka Toyota ndiye kapanda juu.

---

Wa Rironi

Hapo kwa Safari umenigusa. Na ukiangalia KRA, hiyo ya sisi 1,618 ushuru wa bidhaa ni asilimia 25, si 35. Usukani uko kulia tayari. Nimeanza kuweka akiba leo.

Swali dogo mkuu, yule tajiri uliishia kumwambia nini?

---

Spana 19

Alinipigia tena Jumanne, hasira zimepoa. Akasema sawa, nitakuambia safari: asubuhi kutoka Capri Point kwenda ofisini mjini, jioni kurudi, Jumapili Magu kwa mama.

Nikamwambia mzee, kwa hayo matuta ya kwenda Magu chukua Carrera S, ulipie kile kifaa cha kuinua pua ya gari mbele, utafute ya usukani wa kulia kutoka Uingereza au Japani. Chenji ni zaidi ya nyumba. Akanyamaza. Akauliza, "Na ile inayolia sana ni ipi?" Nikasema GT3. Akakata simu. Sijui aliamua nini na sijamtafuta.

---

Fundi Mdogo Kinyerezi

Wakuu, ninyi mko kwenye mamilioni ya yen, mimi nina Impreza ya 2007 na milioni moja na nusu ya Kitanzania. Ila lile la pedali kuzama kama godoro limenikuta mwezi uliopita nikishuka Kitonga kutoka Iringa. Nilikuwa nafukuzana na jamaa mmoja (nimeshatubu). Kona ya tatu breki zikaanza kunuka, ya tano pedali ikashuka hadi chini, nikaokolewa na gia ya pili. Nikajisemea basi nanunua springi fupi na bawa. Mnasemaje?

---

Spana 19

Mdogo wangu, kwanza shukuru. Pale malori yanakwenda chini yenyewe.

Bawa acha. Springi fupi acha, kwa matuta ya Kinyerezi utang'oa bampa wiki ya kwanza. Pesa yako ianze kwa mafuta ya breki. Toa yote ya zamani, mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na yakishakunywa yanachemka mapema. Weka DOT 4 mpya, toa hewa magurudumu yote manne. Hapo umetumia pesa ya chakula cha watu watatu na umenunua sehemu kubwa ya kile wanacholipia hawa wa GT3. Kisha pedi nzuri, diski zipimwe unene. Ikibaki, tairi nne zinazofanana. Kufukuzana kapeleke kwenye mashindano yaliyoandaliwa, usimfanyie dereva wa lori.

---

Mtoto wa Makunduchi

Na pedi usinunue za mashindano kwa sababu ni nyekundu na zina maandishi. Muulize muuzaji zinaanza kushika kwa joto gani.

---

Fundi Mdogo Kinyerezi

Wakuu, mrejesho baada ya wiki tatu. Mafuta nimebadilisha, yaliyotoka yalikuwa rangi ya Coca-Cola. Pedali sasa ni ngumu kama jiwe.

Pedi ndugu yangu Makunduchi nilichelewa kukusoma, nilishanunua nyekundu. Asubuhi zikiwa baridi ninakanyaga gari linaendelea kwenda, mpaka mzunguko wa pili ndipo zinashika. Na zinalia. Zinalia kama mbuzi wa Idi, mtaa mzima unajua nimetoka. Mama mwenye nyumba ameuliza kama gari limekula kitu. Niziuze?

---

Spana 19

Usiziuze. Ziweke kwenye boksi, uliandike tarehe. Za kawaida zirudishe Jumatatu asubuhi kabla ya kazi, ni bolti mbili kila upande, nusu saa. Siku ukienda kwenye mashindano unazivaa, ukirudi unazivua. Na kanyaga pedali mara kadhaa kabla hujatoa gari getini, ya kwanza itakwenda chini.

---

Mzee wa Benchi

Picha?